Kimea na Moshi

Mimi ni mnywaji wa wikiendi. Bia mbili Ijumaa, tatu kama kuna nyama choma na stori zimekolea, kisha nyumbani. Pombe kali sijawahi kuwa mtu wake. Konyagi niliionja chuoni, nikaiheshimu, nikaiacha ilipo. Kwa hiyo anayetafuta hapa mwongozo wa bingwa, samahani, amegonga mlango wa jirani. Nataka tu kusimulia jinsi mtu wa kawaida wa Arusha alivyoanza kuonja wiski ya Scotland kidogo kidogo, kwa muda wa miaka miwili hivi, na jinsi kuonja huko kulivyompeleka hadi kwa shangazi yake.

Mji wetu ni wa watalii, na mimi nafanya kazi kwenye ofisi inayopanga safari. Mgeni akiridhika na dereva wake, siku ya mwisho anatoa bahasha. Wengine huongeza na chupa waliyonunua uwanja wa ndege wakashindwa kuimaliza porini. Madereva wengi hawana haja nayo: huyu ameokoka, yule ni Mwislamu, mwingine anasema tu inanuka. Chupa ya kwanza ilinifikia kwa njia hiyo, imebaki robo tatu: Glenfiddich ya miaka 12. Ya pili, Glenlivet, tulichanga watu watatu, maana chupa ya namna hiyo mjini inazidi laki na nusu, na hesabu kama hiyo huwezi kuifikisha nyumbani ukiwa peke yako. Ya tatu ililetwa na rafiki aliyekuwa anarudi kutoka Ulaya: Laphroaig ya miaka 10. Hiyo ya tatu ndiyo iliyozua haya yote.

Tulikuwa watatu: mimi, mwalimu wa sekondari, na dereva mmoja wa watalii ambaye hajaokoka wala hana mpango huo. Kikao chetu kilikuwa barazani kwa mwalimu, Tengeru, jioni za Jumamosi, glasi za chai mezani kwa sababu nyingine hatuna, na Mlima Meru nyuma ya migomba pale mawingu yanapokubali.

Tulianza na lebo. Watu wa vitabu hatuwezi kuipita lebo. Chupa zote tatu zimeandikwa "single malt", na mwalimu, ambaye hawezi kuona neno la Kiingereza akalala usingizi kabla hajalitafsiri, akasema: kimea kimoja. Tulipochimba tukaona haikai. Hiyo "single" haihesabu kimea, inahesabu kiwanda. Maana yake ni kwamba kila tone ndani ya chupa limetoka kiwanda kimoja, limetengenezwa kwa kimea cha shayiri peke yake, maji na hamira, likachemshwa kwenye mitungi ya shaba, kisha likalazwa kwenye mapipa ya mwaloni, ndani ya Scotland, kwa miaka isiyopungua mitatu. Kilevi hakishuki chini ya asilimia 40. Mapipa yanaweza kuwa mengi na ya umri tofauti. Namba iliyo kwenye lebo ni umri wa ile iliyo changa kuliko zote. Wiski tulizozoea kuziona baa, kama Johnnie Walker, ni za kuchanganya: za kimea kutoka viwanda vingi, zikaongezwa wiski nyepesi ya nafaka nyingine. Mpaka Glenfiddich walipoanza kuitangaza ya kwao nje ya Scotland mwaka 1963, wiski ya kiwanda kimoja ilikuwa kitu cha watu wachache wa huko huko.

Basi tukakubaliana kuiita wiski ya kimea, yaishe.

Lakini neno hilo likishatoka mdomoni halirudi hivi hivi. Nani aliyekulia kwenye miteremko ya Meru asiyejua kimea? Bibi yangu alikuwa akiloweka ulezi, akautandaza, akaufunika, akausubiri uchipue. Ukishatoa vijimizizi vyeupe anauanika, ukikauka anausaga. Hicho ni kimea. Sisi watoto tulikuwa tunakiiba kwa sababu ni kitamu, na utamu huo ndio siri yenyewe: mbegu ikianza kuota inajiandalia chakula, inageuza wanga wake kuwa sukari. Mtu anaikatisha njiani kwa kuikausha, anaichukua sukari hiyo, anaipa hamira. Kwa mbege, ndizi mbivu zinachemshwa mpaka ziwe nyekundu, zinaachwa siku kadhaa zichachuke. Uji wa kimea cha ulezi unapikwa na magome ya msesewe ili upate uchungu, halafu vinachanganywa. Mskoti anafanya jambo hilo hilo kwa shayiri. Tofauti ni kwamba yeye hainywi ikiwa hapo. Anaichemsha, anaukusanya mvuke wake, anaupooza, anarudia tena mara ya pili.

Na shayiri yenyewe si mgeni kwetu. Ukitoka Arusha kwenda Monduli au Karatu, au ukizunguka upande wa West Kilimanjaro, unapita mashamba yake. Inaenda kwenye bia. Dereva wetu amepita kando ya mashamba hayo miaka kumi na mitano akiwaeleza wageni kuhusu tembo, na hakuna aliyewahi kumuuliza kuhusu shayiri.

Sasa kuonja. Kuna maandishi mengi mno ya namna ya kuonja wiski, na karibu yote yameandikwa na watu waliokula vitu ambavyo sisi hatujala. Utasoma kwamba ina harufu ya maua fulani ya nyika za Scotland, keki ya Krismasi ya bibi wa mtu, peremende za utotoni ambazo hazijawahi kuuzwa Kaloleni. Mwalimu alijaribu kutusomea mara moja tukamwomba aache. Tukaweka sharti: kila mtu aseme anachonusa, kwa Kiswahili, na kiwe kitu ambacho amewahi kukishika kwa mkono wake.

Glenfiddich ikatoa ndizi. Wataalamu wanasema peasi, sisi tukasema kisukari iliyoanza kupata madoa meusi. Baadaye nikasoma kwamba harufu hizo za matunda huzaliwa na hamira wakati wa kuchachuka, kwa hiyo si ajabu kwamba mtu wa mbege anaitambua. Glenlivet ikatoa asali na nanasi, na mwishoni ule ukakasi wa ganda la ndizi mbichi. Neno hilo, ukakasi, lilitufurahisha. Kumbe lugha yetu ina kila kitu: kuna ukali, kuna uchungu, kuna uchachu, kuna ukakasi, na kila kimoja kina jina lake. Ukakasi wa wiski unatoka kwenye mbao za mwaloni, kama rangi yake. Wiski inapotoka mtamboni ni nyeupe kama maji. Nyingi hulazwa kwenye mapipa yaliyotumika Marekani, kwa sababu sheria ya huko inataka bourbon ilale kwenye pipa jipya lililochomwa ndani, na pipa likishatumika mara moja linatafutiwa mnunuzi.

Tulijifunza pia kuongeza maji, matone machache tu. Mwaka 2017 watafiti wawili wa Sweden walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba maji husaidia molekuli zenye harufu ya moshi kupanda juu, karibu na pua. Maji tuliyotumia yalikuwa ya chupa. Tunaishi chini ya mlima ambao maji ya baadhi ya vijito vyake yana floridi ya kutia meno rangi ya kahawia, na hatua chache kutoka Tengeru upo Maji ya Chai, mahali palipopewa jina kwa rangi ya mto wake. Scotland nako mito mingi ina rangi ya chai. Huko ni kwa sababu ya vinamasi, na watengenezaji wa wiski wanaisifia rangi hiyo kwenye matangazo. Dereva alicheka sana aliposikia hivyo. Alisema sisi tunaitibu kwa filta.

Halafu tukafungua Laphroaig.

Inatoka Islay, kisiwa cha magharibi mwa Scotland kilichojaa vinamasi na chenye miti michache. Kwa karne nyingi kuni za huko zimekuwa mboji: mimea iliyolala kwenye matope maelfu ya miaka, inakatwa kama tofali, inaanikwa, inachomwa. Kimea kikikaushwa juu ya moto huo kinabeba moshi, na moshi hauondoki, sio kwa kuchemshwa, sio kwa miaka kumi ndani ya pipa. Ukifungua chupa unadhani kuna mtu ameingia na plasta, Dettol na jiko la kuni kwa wakati mmoja.

Mwalimu akasema inanuka. Dereva akasema inanukia. Na hapo tukakwama, maana Kiswahili kinakulazimisha uchague. Harufu inaweza kukaa katikati, lakini kitenzi hakikai: kunuka ni ubaya, kunukia ni uzuri, irabu moja inaamua kesi. Dereva, ambaye amelelewa na Waarusha upande wa mama, alitoa hoja yake. Alisema hii ni maziwa ya kibuyu. Kibuyu cha maziwa kinasafishwa kwa kijinga cha mzeituni wa porini, na maziwa yakishakaa humo yanabeba moshi ule. Aliyekulia nayo, maziwa ya pakiti kwake hayana roho. Kwa hiyo inanukia, akasema, ila mwalimu hajui kunusa.

Mimi nilikuwa kimya. Harufu ile niliijua kutoka mahali pengine kabisa.

Shangazi yangu aliishi juu ya Nkoaranga, karibu na kijito, na alikuwa anapika gongo. Naandika wazi kwa sababu sasa ni mzee, ameacha zaidi ya miaka ishirini iliyopita, na kijiji kizima kilijua. Ndizi, mapapai yaliyoiva kupita kiasi, sukari guru, hamira. Pipa juu ya mafiga, bomba la shaba likipita kwenye handaki la maji ya kijito, chupa inapokea upande wa pili, tone kwa tone, usiku. Alifanya hivyo kwa sababu kahawa ilikuwa imeshuka bei na watoto watano walikuwa shuleni. Ada ya kidato cha kwanza na cha pili ya binamu yangu ilitoka kwenye bomba lile, na nusu ya sare yangu pia. Nguo zake zote zilikuwa na harufu hiyo, moshi na kitu kama dawa. Akinikumbatia Jumapili kanisani ilikuwa inashindana na sabuni.

Walikuja alfajiri moja wakavunja mtambo kwa shoka, wakamchukua. Kosa aliloshtakiwa nalo lina jina ambalo lilinishangaza nilipolisoma nikiwa mtu mzima. Kisheria hakuna gongo. Kuna Sheria ya Moshi ya mwaka 1966, inayohusu utengenezaji na ukenekaji wa pombe hiyo, na mahakamani mtu husomewa kwamba alipatikana na moshi. Mgeni anaweza kudhani ni ule mji wa jirani. Hapana. Ni moshi wenyewe. Shangazi alipatikana na moshi lita kadhaa, akalipa faini kwa kuuza ng'ombe, akarudi nyumbani, na baada ya miezi mitatu bomba jingine likawa kijitoni.

Na sasa mimi niko barazani Tengeru na watu wawili wenye vyeti, tumelipia moshi kwa dola, tunabishana kama unanuka au unanukia.

Ni rahisi kuishia hapo, tuseme kwamba dunia ina dharau, tufunge chupa. Lakini nilitaka kuelewa zaidi, nikaanza kusoma, na historia ya Scotland ikaniharibia hasira yangu kwa sababu ilikuwa inafanana mno na ya kwetu.

Karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, wiski nyingi ya nyanda za juu za Scotland ilikuwa gongo. Ilipikwa mabondeni, kando ya vijito, na wakulima waliokuwa wanatafuta kodi ya shamba, ikasafirishwa usiku kwa farasi huku maofisa wa ushuru wakiwinda moshi wa mitambo. Kuna kitabu cha kumbukumbu cha Elizabeth Grant, binti wa mwenye ardhi wa huko, kilichochapishwa mwaka 1898 baada ya kufa kwake. Anasimulia jinsi mfalme George IV alipotembelea Edinburgh mwaka 1822 na kutaka wiski ya Glenlivet, ile ile ya magendo, na jinsi yeye alivyotumwa kwenye ghala la baba yake kuitoa. Mfalme mwenyewe alikuwa anakunywa alichokataza! Mwaka uliofuata, 1823, bunge lilipunguza ushuru na kuweka leseni ya pauni 10 kwa mwaka. Mwaka 1824 mkulima mmoja wa bonde la Glenlivet, George Smith, akachukua leseni. Majirani zake walioendelea na magendo walitishia kumchoma moto yeye na kiwanda chake, akawa anatembea na bastola mbili. Chupa yetu ya pili, ile tuliyochangia, inatoka kwenye ukoo wa mtambo huo.

Kwetu mambo yalikwenda njia nyingine. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia pombe kali kuuzwa kwa Waafrika katika sehemu kubwa ya bara, na ule wa Saint-Germain wa mwaka 1919 ukakaza kamba. Wakati wa Waingereza, Tanganyika, mzungu mwenye shamba la kahawa hapa Meru alikaa barazani jua likizama na wiski yake. Babu yangu, aliyemchumia kahawa hiyo, hakuruhusiwa kununua hata tone. Mbege aliachiwa. Akijaribu kuikeneka, jela. Uhuru ulipokuja, baa zilifunguliwa kwa wote, lakini bomba la shangazi lilibaki pale pale lilipokuwa. Waganda, miaka hiyo hiyo ya 1960, walijaribu kitu tofauti: mpikaji wa enguli akatakiwa kuwa na leseni na kuuza kwa kiwanda, na huko ndiko ilikotoka chupa ya Uganda Waragi. Kenya iliifuta marufuku ya chang'aa mwaka 2010, kwa masharti. Sisi tumeshapiga marufuku viroba, Machi 2017, lakini kuhusu moshi bado tuko 1966.

Siwezi kuandika haya nikajifanya gongo ni kitu cha kupendeza. Mume wa shangazi, mjomba wetu mpole aliyekuwa anatuchongea magari ya mbao, alikufa kwa hiyo hiyo, polepole, macho ya njano, tumbo limejaa. Novemba 2000, Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa na wengine wakapofuka kwa pombe iliyotiwa methanoli. Naelewa kwa nini serikali inaogopa. Ninachojiuliza ni kama marufuku ilimwokoa mjomba. Haikumwokoa. Alikunywa gizani tu.

Mwezi wa saba mwaka jana, baridi imekaza na mlima haujaonekana wiki nzima, nilipanda Nkoaranga na ile Laphroaig kwenye mfuko wa Rambo, imebaki vidole vinne. Sikuwa na hakika kama ni adabu. Nikamwamkia, tukanywa chai, tukaongea habari za ng'ombe na za wagonjwa. Halafu nikamwambia shangazi nimekuja na kitu, naomba unisaidie kukijua.

"Nimeokoka, baba," akasema. "Sinywi."

"Sikuombi unywe, shangazi. Unuse tu."

Akafikiri. Akasema kunusa si dhambi, akaleta glasi.

Hakunusa kama sisi barazani. Alimimina tone kiganjani, akasugua viganja viwili, akavipepea, akanusa mikono. Kisha akamimina kidogo kwenye kijiko akaomba kiberiti. Moto wa bluu ulikuja, mdogo, ukazimika. "Imetiwa maji," akasema. Ni kweli: ikitoka kwenye pipa huongezwa maji kabla ya kufungwa kwenye chupa. Akanusa tena. "Na hii imeungua. Mtu aliacha machicha yakashika chini ya pipa. Inanuka moshi."

Nikamwambia ni makusudi. Hakuniamini. Kwa mpikaji wa Nkoaranga moshi ndani ya pombe ni aibu, maana yake ulisinzia. Nikamweleza habari ya mboji na kimea. Akasikiliza kama fundi anavyomsikiliza fundi mwenzake asiye mbele yake. Aliuliza wanafanya nini na ile ya kwanza kutoka. Nikasema wanaitenga, na ya mwisho pia, wanachukua ya katikati, hizo nyingine zinarudishwa kuchemshwa upya. Akatikisa kichwa. Yeye ya kwanza ndiyo aliyouza ghali, wanywaji waliigombania kwa ukali wake. "Ya katikati ndiyo ilikuwa nzuri," akasema, "lakini nani alikuwa na muda wa kutenga?"

Kisha akauliza imekaa muda gani.

"Miaka kumi, shangazi. Ndani ya pipa."

"Miaka kumi?" Akaishika chupa mwangani. "Na nani alikuwa anailinda?"

Swali hilo sijalisoma kwenye kitabu chochote cha wiski, na jibu lake nilikuwa nalo. Serikali ndiyo iliyokuwa inailinda. Kwa muda mrefu ghala la wiski Scotland lilifungwa kwa kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa meneja wa kiwanda, mwingine kwa ofisa wa ushuru, kwa kuwa ushuru hulipwa wiski inapotoka ghalani na serikali haikutaka hata lita moja ipotee bila kuhesabiwa. Ofisa huyo aliishi pale pale kiwandani. Mwandishi wa riwaya Neil Gunn alikuwa mmoja wao, kwenye kiwanda cha Glen Mhor, Inverness, na mwaka 1935 akaandika kitabu kizima kuisifia wiski aliyokuwa akiilinda. Mshairi Robert Burns naye aliajiriwa na idara ya ushuru mwaka 1789. Yaani wale wale waliowinda mitambo vichakani waligeuka askari wa mlangoni.

Nilimweleza shangazi hivyo. Alinyamaza muda mrefu, akikunja kitambaa cha meza na kukikunjua.

"Ya kwangu haikuwahi kulala siku tatu," akasema.

Nimeifikiria sentensi hiyo kuliko maandishi yote niliyosoma. Tunapoisifia wiski ya kimea tunasifia pipa, maji, shaba, mikono ya mafundi, hewa ya bahari. Vyote ni kweli. Lakini juu ya vyote tunasifia muda, na muda haupatikani kwa ustadi. Kulaza pombe miaka kumi kunamtaka mtu awe na hakika kwamba mwaka wa tatu hakuna atakayekuja alfajiri na shoka. Kila mwaka karibu asilimia 2 inapotelea hewani kutoka kwenye pipa, na kwenye joto kama la Bangalore, India, kiwanda cha Amrut kinapoteza hata asilimia 10 kwa mwaka. Scotland wanaiita sehemu hiyo fungu la malaika, na mtu anaweza kumgawia malaika akiwa na uhakika wa kinachobaki. Shangazi hakuwa na cha kumgawia malaika. Alikuwa na ada ya Januari, na kila chupa iliyobaki ndani mpaka asubuhi ilikuwa ushahidi. Ukali ule uliomuua mjomba nao ulitoka hapo: pombe isiyoruhusiwa kusubiri inauzwa ikiwa bado moto.

Sijui gongo la Nkoaranga lingekuwaje baada ya miaka kumi kwenye pipa. Pengine lingekuwa baya tu. Hakuna aliyewahi kupewa nafasi ya kuligundua.

Kabla sijaondoka nilitoa daftari. Nikamwambia kuna watu wanaandika vitabu vizima kueleza wiski hii inanukiaje, na ya kwake hakuna aliyeiandika hata mstari mmoja, isipokuwa karani wa mahakama. Nikamwomba aniambie ilikuwaje, ile ya katikati, siku ambayo moto ulikaa sawa. Alicheka kwanza, akaangalia mlangoni kana kwamba kuna mtu anasikiliza. Halafu akaniambia, polepole, na nimeiandika kama alivyosema.

Ukiifungua inakuja ndizi, siyo mbivu ya kula, ile ya kupikia mbege siku ya pili. Nyuma yake papai. Ukiiacha kidogo inakuja sukari guru, ile iliyoshika chini ya sufuria. Mdomoni inaanza baridi, halafu inawaka, halafu inaacha utamu kwenye fizi. Moshi haina. Ikiwa na moshi si yangu. Na haikuwa inanuka, baba, watu wanasema tu. Ilikuwa inanukia.